Wii iliuza milioni 101, Wii U ikauza milioni 13. Familia zote zile zilienda wapi?

Kibwagizo (mleta mada)

Wakuu, habari za jioni.

Kwenye uzi wa bei ya Switch 2, mashine ya gemu ya Nintendo, mjadala uliishia kwenye kurushiana maneno. Upande mmoja unasema Nintendo waliwatupa wacheza gemu mwaka 2006 walipotoa mashine ya Wii, wakaanza kuhangaika na akina mama na mabibi. Upande mwingine unasema wacheza gemu wana wivu tu wa kuona wengine nao wanacheza. Naomba tuliongee hapa kwa utulivu, maana ni jambo ninalolifuatilia kwa miaka mingi na linaniuma.

Msimamo wangu nautanguliza. Nintendo hawakukosea kuialika familia. Walikosea pale walipomwacha mcheza gemu sugu ale makombo, wakiamini familia peke yake itawavusha hadi mashine inayofuata. Wii iliuza milioni 101.63. Wii U, iliyoifuata, iliuza milioni 13.56. Kampuni ile ile, Mario yule yule.

Mwaka 2002 Satoru Iwata alipopokea uongozi wa Nintendo kutoka kwa mzee Hiroshi Yamauchi, hali ilikuwa mbaya. GameCube, mashine yao ya wakati huo, ilikuja kuishia milioni 21.74 wakati PS2 ya Sony ilipita milioni 155. Hata Microsoft, wageni kabisa kwenye biashara hii, waliwapita kidogo na Xbox yao ya kwanza. Kushindana na hao kwa nguvu ya mashine ilikuwa vita ya pesa, na wote wawili walikuwa na biashara nyingine za kufidia hasara. Nintendo wao kazi yao ni gemu.

Iwata alikuwa mwandika programu kabla ya kuwa bosi, na alichokiona ni kwamba mlango wa kuingilia kwenye gemu unazidi kuwa mwembamba. Pedi ina vitufe mbele, vitufe nyuma, na vijiti viwili. Ukimpa mtu asiyewahi kucheza anaigeuzageuza kisha anakurudishia. DS, mashine yao ya mkononi ya mwaka 2004, ilijaribu njia nyingine, kalamu na kioo cha kugusa, na mwaka 2005 zikaja Nintendogs ya kufuga mbwa na ile ya mazoezi ya ubongo iliyowalenga watu wazima. DS ilikuja kufikisha milioni 154.02. Kwa hiyo walipoingia kwenye Wii walishaona kwa macho yao kwamba watu hao wapo na wana hela.

Kwenye Wii yenyewe nataka nikae kidogo, maana wengi wanaidharau bila kuangalia ilivyotengenezwa. Iwata aliwaagiza mafundi kwamba mashine isizidi ukubwa wa makasha matatu ya DVD yaliyopangwa pamoja. Isile umeme mwingi, isipige kelele usiku, isimkere mama mwenye nyumba. Rimoti ilipewa umbo la rimoti ya TV kwa makusudi, kwa sababu pedi ikishatumika hufichwa kabatini, lakini rimoti hubaki mezani na yeyote anaishika. Halafu cheza tenisi ya Wii Sports uone. Mchezaji wako anakimbia mwenyewe kuufuata mpira, kazi yako ni moja tu, kupiga kwa wakati. Kwenye bowling unabana kitufe cha B kwa chini, unapeleka mkono nyuma, unauleta mbele, unaachia. Hakuna wa kufundishwa. Kuchukua mchezo ukaupunguza mpaka yabaki hayo tu, huku bado una utamu, ni ufundi wa hali ya juu, na anayesema Wii ilikuwa mashine ya kivivu hajawahi kulifikiria hilo.

Ilitoka Marekani tarehe 19 Novemba 2006 kwa dola 249.99, Wii Sports ikiwa ndani ya boksi. Siku mbili kabla, PS3 ilikuwa imeingia sokoni humo kwa dola 499 na 599. Watu walirusha mikono hadi rimoti zikawaponyoka na kupasua TV, na Desemba hiyo hiyo Nintendo wakatangaza kubadilisha kamba za mkononi milioni 3.2 bure. Wii Fit, gemu ya mazoezi, na ule ubao wake wa kusimamia ikauza zaidi ya milioni 22.

Sasa tuje kwa yule aliyekuwa nao tangu zamani. Dunia imeshahamia kwenye TV za HD, yeye picha yake inaishia 480p, chini ya HD. Akitaka kucheza na rafiki mtandaoni anapewa namba ya tarakimu 12, na kila gemu ina namba yake. Kwenye maonesho ya gemu ya E3 ya 2008 alikaa kusubiri gemu kubwa, akaletewa Wii Music, Shigeru Miyamoto mwenyewe, aliyemuumba Mario, akiwa jukwaani anapiga ala za hewani. Na hadi 2011, gemu nzito kama Xenoblade Chronicles imeshatoka Japani, wachezaji wa Amerika Kaskazini wakalazimika kufanya kampeni, wakaiita Operation Rainfall, kuomba wauziwe gemu. Fikirieni hilo. Mteja ana hela mkononi, anaomba auziwe, na kampuni inasitasita. Xenoblade iliwafikia Aprili 2012, Wii ikiwa imebakiza miezi tu kupisha Wii U.

Wakati huo ile familia ilishapata kitu kingine. Julai 2008 Apple walifungua duka la programu za simu, na gemu nyepesi zikawa kwenye mkoba wa mama, bure au kwa dola moja. 3DS, mrithi wa DS, ilipotoka mwaka 2011 kwa dola 249.99 haikumaliza hata miezi sita ikashushwa hadi 169.99, na Iwata akajikata nusu ya mshahara. Wii U ikaja Novemba 2012 na watu wengi wakadhani ni tableti ya kuongezea kwenye Wii waliyonayo. Familia haikuona sababu ya kununua. Na mcheza gemu ambaye angewaeleza ndugu zake tofauti yake alikuwa ameshahama, yuko PS3 au Xbox 360.

Hiyo sentensi ya mwisho ndiyo kiini cha uzi huu. Karibuni.

---

Fundi wa Pedi

Mkuu Kibwagizo, uzi mzuri. Mimi natengeneza mashine hizi, nikueleze kwa nini huku kwetu mgogoro huo hatukuusikia sana. Wii ilikuwa haiingii kwenye banda.

Banda la gemu linaendeshwa na mechi. Watu wawili wanakaa kwenye benchi, pedi mbili, FIFA au Winning Eleven, anayefungwa anampisha mwingine, mwenye banda anakusanya hela kwa mechi. Chumba chenyewe unagusa ukuta huu na ule. Nani atarusha mkono humo? Na CD za PS2 zilikuwa zinachomwa mtaani, kila msimu unapata iliyobadilishwa majina ya wachezaji. Wii chache zilizonifikia mezani zilitoka kwenye nyumba za watu waliorudi kutoka nje, na nyingi ugonjwa wake ni lenzi ya CD.

Kwa hiyo soko letu lilibaki la wachezaji sugu kwa sababu banda ndilo lililokuwa linanunua mashine, familia hazikuwa zinanunua.

---

Njoro254

Naomba kupinga kidogo, kaka. Hii story ya "mchezaji sugu alikula makombo" haiwezi kusimama ukiangalia orodha ya gemu za Wii. Zelda: Twilight Princess ilitoka siku moja na Wii. 2007 kukawa na Super Mario Galaxy na Metroid Prime 3. 2008 Smash Bros. Brawl. 2009 Monster Hunter Tri huko Japani. Hayo ni makombo?

Na hii inayosemwa na wengi, kwamba "familia ilinunua CD moja ikaenda", pia si kweli. Nintendo wenyewe wanatoa hesabu: Wii iliuza gemu karibu milioni 922 kwa jumla. Gawa kwa mashine milioni 101, unapata gemu tisa kwa kila mashine. GameCube, ambayo nyinyi mnaiita mashine ya wachezaji wa kweli, ukigawa unapata tisa na nusu hivi. Tofauti iko wapi?

---

Kibwagizo

Njoro, hesabu yako ni sahihi na nafurahi umeileta, tuichambue.

Kwenye hizo milioni 922, Wii Sports peke yake ni milioni 82.9, na kwa sehemu kubwa ya dunia ilikuwa inakuja na mashine. Wii Play ni milioni 28, na watu waliinunua kwa sababu boksi lake lilikuwa na rimoti ya pili. Mario Kart Wii milioni 37. Wii Fit na Wii Fit Plus kwa pamoja zaidi ya milioni 43. Ukitazama waliokaa juu ni Nintendo wenyewe, karibu wote. Wastani unamchanganya aliyenunua gemu ishirini na aliyenunua mbili, halafu unatuonesha mtu wa gemu tisa ambaye pengine hayupo.

Aliyeumia ni yule mtengenezaji wa gemu wa nje ya Nintendo. Sega walitoa MadWorld mwaka 2009, gemu ya watu wazima, ya damu, iliyochorwa kwa nyeusi na nyeupe kwa ustadi mkubwa. Ilidoda. Kampuni nyingine zilipoona hivyo zikaacha kupeleka Wii kazi zao kubwa, zikawa zinapeleka michezo midogo midogo ya sherehe, iliyotengenezwa haraka kwa bei ndogo, rafu zikajaa takataka. Mchezaji sugu hakuondoka kwa sababu Galaxy ni mbaya. Galaxy ni moja ya kazi bora kabisa za Nintendo. Aliondoka kwa sababu alikuwa anapata gemu moja ya maana halafu anasubiri miezi, wakati jirani mwenye Xbox 360 ana kitu kipya kila wiki. Hayo ndiyo niliyoyaita makombo.

---

Mama Nasra

Assalam aleikum wote. Mimi si mcheza gemu lakini Wii naijua vizuri, kwa hiyo nivumilieni.

Nilifanya kazi miaka kadhaa kwenye nyumba ya kulea wazee huku Marekani. Pale kwenye ukumbi wa mchana kulikuwa na Wii. Bowling ndiyo waliyoipenda. Kulikuwa na bibi mmoja wa kiti cha magurudumu, mkono wa kulia una nguvu, wa kushoto umepooza. Ujanani alikuwa anacheza bowling ya kweli kila wiki na mumewe. Tulikuwa tunamfunga ile kamba ya mkononi, tunamsogeza mbele ya TV, na yeye hataki umsaidie kitu kingine chochote. Alikuwa anageuza kiganja kidogo mwishoni ili mpira ukate kona, na mashine inamwelewa! Akiangusha zote kumi, ukumbi mzima unapiga makofi. Siku nyingine hali chakula kabisa, hataki kuongea, lakini ukimwambia leo kuna bowling anauliza saa ngapi.

Mashine ile muda wote nilipokuwa pale ilikuwa na CD moja, ile iliyokuja nayo. Hakuna aliyewahi kuomba nyingine.

Ndiyo maana nasikia vibaya kidogo mkiongea kana kwamba familia "iliwakimbia". Haikukimbia. Ilitosheka. Babu akinunua bao lake moja hakuna anayemlaumu kwa kutonunua la pili. Wazee wale walilipia walichokitaka, wakakipata, na wakakitumia hadi mwisho. Kama kampuni ilipiga hesabu kwamba watarudi kununua nyingine, kosa ni la aliyepiga hesabu.

---

Dreamcast99

Dada Mama Nasra umemaliza. Ahsante sana.

---

Njoro254

Hapo kwa Mama Nasra nimenyamaza. Niongeze tu ushahidi upande wake: kampuni ya Ubisoft waliendelea kutoa Just Dance, gemu ya dansi, kwa Wii hadi Just Dance 2020, iliyotoka Novemba 2019. Mashine ya 2006! Maana yake kuna nyumba ambazo Wii haikuwahi kuondolewa chini ya TV.

---

Dreamcast99

Ila wakuu msiifanye hii kuwa kesi ya Nintendo peke yao. Waliochoma nyumba kabisa ni Microsoft.

Kinect, kamera ya Xbox 360, ilitoka Novemba 2010, ikauza milioni 8 ndani ya siku 60, rekodi ya dunia. Kamera inakuona, unacheza bila kushika kitu. Wakalewa. Mei 2013 wakapanda jukwaani kuonesha Xbox One, na muda mwingi ukaenda kwenye TV, michezo ya ligi za Marekani na kubadilisha chaneli kwa sauti. Kinect ililazimishwa ndani ya boksi, bei ikawa dola 499. Juu yake wakataka mashine ijiripoti mtandaoni kila baada ya saa 24. Sony wakaja E3 mwezi uliofuata na PS4 ya dola 399, wakazungumza na wacheza gemu. Microsoft walirudi nyuma kwenye suala la mtandao tarehe 19 Juni, na mwaka uliofuata wakauza mashine bila Kinect, lakini watu walishaamua. PS4 ilipita milioni 117.

Na Sony wenyewe familia walikuwa nayo zamani! PS2 ilikuwa na EyeToy ya kamera 2003, SingStar ya kuimba 2004, Buzz! ya chemsha bongo 2005. Dada anaimba sebuleni, kaka anacheza GTA usiku, mashine ile ile. Hawakumwambia mtu yeyote ahame.

---

Kibwagizo

Dreamcast, mfano wa PS2 ndio ningetaka kila mtu aushike. Ilianza Marekani mwaka 2000 kwa dola 299 ikiwa ya wachezaji sugu. Ikashuka kidogo kidogo hadi kufika dola 99 mwaka 2009. Kila iliposhuka, kundi jipya likaingia: wanafunzi, wazazi, watoto wadogo, na mabanda yetu pia. Fundi wa Pedi ni shahidi. Mchezaji sugu anaingia kwanza kwa bei kubwa, analipia njia, familia inafuata bei ikishuka na gemu zikiwa zimejaa.

Mama Nasra, neno "kutosheka" nalichukua, linaeleza vizuri kuliko nilivyoeleza mimi. Mteja aliyetosheka hana deni na mtu. Ndiyo sababu kampuni inahitaji na yule mwingine, asiyetosheka, anayetaka gemu mpya kila mwezi. Kuwategemea waliotosheka peke yao ndiko kulikoiua Wii U.

---

Kijana wa Kariakoo

Sasa Switch, iliyokuja baada ya Wii U, ilifanikiwaje wakati nayo ni ya familia? Na hii Switch 2 mnaionaje?

---

Kibwagizo

Angalia mpangilio. Switch ilifungua Machi 2017 na Zelda: Breath of the Wild, gemu kubwa, ngumu, ya masaa mengi. Wachezaji sugu wakaibeba mikononi, wakaenda nayo makazini na vyuoni, ndugu na marafiki wakaiona. Mwezi uliofuata Mario Kart. Ring Fit ya mazoezi ilikuja baadaye, 2019. Animal Crossing ikatoka tarehe 20 Machi 2020, watu wamefungiwa majumbani kwa sababu ya korona, na familia zikamiminika. Imeshapita milioni 150.

Switch 2 ndiyo inanitia hofu, na sababu ni bei. Juni 2025 Marekani imetoka kwa dola 449.99. Mario Kart World peke yake dola 79.99. Na ile programu ya kukuonesha mashine yako mpya inafanya nini, Welcome Tour, wanaiuza dola 9.99! Mwaka 2006 kitu cha namna hiyo kilikuwa ndani ya boksi, kinaitwa Wii Sports, na ndicho kilichoiuza mashine. Wala si wao tu. PS5 ilianza 2020 kwa dola 499 ya CD na 399 isiyo na CD. Agosti 2025 Marekani bei ikapanda kwa dola 50. Mashine ya miaka mitano inapanda bei! Ule mlango wa PS2 wa kusubiri ishuke umefungwa. Wachezaji sugu watalalamika lakini watanunua. Atakayebaki nje ni mzazi mwenye watoto watatu, na mtoto atakayepewa simu ya mama leo sioni ni nini kitamfikisha kwenye pedi kesho.

---

Mama Nasra

Ndugu Kibwagizo, nina mama yangu Tanga na wajukuu wanne pale nyumbani. Mtu anauza Wii yake huku kwa bei ndogo na nina boksi linaondoka mwezi ujao. Niitume?

---

Fundi wa Pedi

Dada niruhusu nijibu hili. Itume, lakini sikiliza. Adapta ya Wii ya Marekani ni ya volti 120. Wakiichomeka moja kwa moja kwenye umeme wa Tanga itaungua siku hiyo hiyo. Wanunue adapta ya Wii ya Ulaya, ya 220 hadi 240, plagi yake inaingia kwenye mashine hiyo hiyo.

La pili, Wii ya Marekani haikubali CD za Ulaya, na nyingi za mitumba zinazopatikana huku ni za Uingereza. Kwa hiyo CD zote wanazozitaka zinunue huko huko kabla boksi halijafungwa.

La tatu, hakikisha ule upau mwembamba mweusi wa kuweka juu ya TV (sensor bar) umo. Watu wanausahau na bila huo rimoti haielekezi kwenye kioo. Ndani yake ni taa tu zisizoonekana kwa macho, mawimbi yote yanashughulikiwa na rimoti yenyewe, kwa hiyo ukikatika waya nauunga bila shida. Weka rimoti nne, kamba zake zikiwa nzima.